Baji za Mama Mumo

Kayole, 3 Novemba 2025

Kwa wote mliojiandikisha,

Sasa watu wangu. Mimi ni Nangila, ndiye nitakuwa mbele yenu Jumamosi tarehe ishirini na mbili, pale ukumbi wa kanisa karibu na Spine Road. Siku hiyo tutajifunza kuchora na programu huria. Lakini tukianza kutayarisha kompyuta hapo hapo, jioni itafika hatujachora hata duara. Kwa hivyo kila mtu aje kama yake iko tayari.

Ile flashi ya manjano mliyopewa siku ya kujiandikisha ina mfumo mpya ndani. Zima kompyuta. Chomeka flashi. Washa huku unabonyeza F12, bonyeza bonyeza tu kama mtu anaita lifti. Itakuuliza lugha, chagua Kiswahili. Halafu itakuuliza unataka iingie vipi. Kama kompyuta haina kitu chochote unachohitaji, chagua "Futa diski". Kama ina vitu, simama hapo, niandikie kwanza.

Ukikwama tuma barua pepe. Usinipigie, mchana niko kazini.

Nangila

* * *

Kayole, 5 Novemba 2025

Madam Nangila,

Salamu nyingi. Mimi ni Mwangangi, yule mzee wa kofia ya kijani aliyekuuliza kama kuna mwisho wa umri. Ulisema hakuna, nikashukuru. Kazi yangu ni kuendesha lori la maji, lakini lori liko gereji tangu mwezi uliopita, na mtu akikaa nyumbani sana anaanza kuangalia vitu.

Nina maswali. La kwanza, huria ni nini? Nimeuliza mafundi wa gereji. Mmoja amesema ni bure, mwingine amesema ni ya wizi. Kama ni ya wizi siji, mimi ni mtu wa kanisa. La pili, nani aliitengeneza, na yeye anakula nini? La tatu, F12 nimeiona. Sasa F11 ya nini? Niliibonyeza kila kitu kikawa kikubwa, nikaogopa, nikaizima na kidole hapo kwa nguvu.

Kompyuta iko. Ni ya zamani, nzito, ukiiwasha inapumua kama mtu amepanda ngazi mpaka juu. Ni yangu.

Mwangangi

* * *

Nairobi, 6 Novemba 2025

Mzee Mwangangi,

Nimecheka mpaka bosi akaniangalia. F11 haina ubaya, ukiibonyeza tena vitu vinarudi saizi yake.

Huria si wizi, na pia si bure tu. Wewe ni dereva, nikuambie hivi. Kuna gari unauziwa boneti ikiwa na kufuli, na ufunguo anabaki nao aliyekuuzia. Huria ni gari ambayo boneti inafunguka. Unaangalia injini, unabadilisha, unatengeneza nyingine kama hiyo, unampa jirani. Walioitengeneza ni watu wengi wa nchi nyingi. Wengine wanalipwa na makampuni, wengine wanafanya wakitoka kazini, kama mimi. Mimi husaidia kuweka Kiswahili. Yale maneno utaona kwa skrini, mengine ni yangu.

Kitu kimoja tu. Hujaniambia kama hiyo kompyuta ina vitu ndani. Iko tupu?

Nangila

* * *

Kayole, 8 Novemba 2025

Madam Nangila,

Tupu kabisa. Na nimeshamaliza!

Nilifanya vile ulisema. Maneno yakatokea, nikayasoma yote kwa sauti kama mtu anasoma somo kanisani. "Sakinisha." Hilo neno sijawahi kulisikia tangu nizaliwe. Ni kama kumkaribisha mtu kwako halafu unampa kitanda? Nilingoja nikiangalia ule mstari ukijaa polepole, chai ikapoa. Sasa imefunguka, ina picha ya mlima ambao siujui. Huo mlima uko wapi?

Swali lingine. Vitu vya zamani kompyuta huweka chumba gani? Nimetafuta kwa Nyaraka, kwa Picha, kwa Muziki, milango yote nimefungua. Ni kutaka kujua tu.

Mwangangi

* * *

Nairobi, 9 Novemba 2025

Mzee wangu, hongera! Vijana bado wananiuliza F12 iko wapi, wewe umeshamaliza.

Mlima hata mimi siujui. "Sakinisha" umeielewa kuliko sisi tulioiandika.

Vitu vya zamani? Si ulisema ilikuwa tupu? Basi hakuna chumba. Lakini hiyo hamu usiiache. Fungua kila kitu, weka programu ya kuchora, weka michezo, weka nyimbo za kwaya. Cheza nayo mpaka siku ya warsha. Hutaharibu chochote.

Nangila

* * *

Kayole, 14 Novemba 2025

Madam Nangila,

Nimefanya vile uliniambia. Nimeweka ya kuchora. Nimeweka michezo ya kadi, kamusi, na ile ya nyota, ambayo unaandika Nairobi inakuonyesha vile mbingu iko juu ya Nairobi hata kama kuna mawingu. Nimeiona sayari yenye pete. Sikujua iko hapo juu ya Kayole siku zote. Nimeweka nyimbo nyingi pia. Kila siku naweka kitu, halafu natafuta tena vile vyumba.

Sasa, kuna rafiki yangu hapa gereji. Yeye pia alifuta na flashi kama yangu, lakini ndani kulikuwa na vitu vya mtu. Vya bibi yake. Anauliza kama vinaweza kurudi. Nimemwambia nitakuuliza kwa sababu yeye ni mtu mwoga.

Mwangangi

* * *

Nairobi, 14 Novemba 2025

Mzee Mwangangi,

Mwambie azime hiyo kompyuta sasa hivi. Asome hii barua akiwa ameizima.

Mwambie hivi. Fikiria ploti ya vyumba vingi, halafu keateka, yule msimamizi wa ploti, anafuta majina yote kwa milango. Wapangaji bado wako ndani. Hakuna mtu anajua nani yuko wapi, lakini wako. Ukienda mapema na mtu anayejua kugonga, unaweza kuwapata. Sasa kila kitu kipya unachoweka kinatafuta chumba, na kwa sababu mlango hauna jina, kinaingia tu na kumtupa aliye ndani. Huyo hapatikani tena. Mchezo mmoja, wapangaji kadhaa nje. Nyimbo, ploti nzima.

Kama amefuta tu akaacha, kuna matumaini makubwa. Kama ameweka vitu kama wewe ulivyoweka, sijui.

Mzee. Huyo rafiki ana kofia ya kijani?

Nangila

* * *

Kayole, 15 Novemba 2025

Madam Nangila,

Ndiyo, anayo.

Nimeizima. Nilikuwa nasikiliza kwaya nikisoma barua yako, wimbo ukiwa katikati.

Kompyuta ni ya mke wangu, Wayua. Yeye anadarizi baji za shule kwa sweta. Kila shule ina mchoro wake, tai, mwenge, kitabu, na maneno madogo hapo chini. Anachora kwa kompyuta, anaweka kwa flashi, anapeleka kwa mashine, mashine inashona. Shule za Kayole, Umoja, mpaka mbili za Majengo, zote zilikuwa humo ndani. Januari shule zikifunguliwa ndiyo kazi yake ya mwaka mzima. Mamake alivunjika nyonga, kwa hivyo tangu mwezi wa kumi yuko Mwala anamuuguza. Hajui kitu.

Nilidanganya kuwa iko tupu kwa sababu niliogopa ukijua ni ya mtu utaniambia niache. Nilitaka sana kuja.

Na hilo neno lako, futa. Mimi futa najua ni ya kitambaa. Unafuta meza, meza inabaki. Nilidhani itapanguza vumbi tu.

Sasa tufanye nini?

Mwangangi

* * *

Nairobi, 16 Novemba 2025

Mzee Mwangangi,

Usiiwashe tena. Ije Jumamosi vile ilivyo. Kuna mwenzetu anaitwa Oketch, kazi yake ni kugonga hiyo milango isiyo na majina. Sikuahidi kitu.

Ningekukasirikia, lakini hilo la "futa" limeninyima usingizi. Ni kweli! Sisi tuliokaa na kompyuta sana tumesahau kuwa futa ni ya meza. Hapo niliandika mimi, kwa mkono wangu. Nitalibadilisha na nitawaambia watu kwa nini.

Ila mke wako umwambie. Si mimi, si Oketch.

Nangila

* * *

Kayole, 23 Novemba 2025

Mama Mumo,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu nitaanza kuongea juu ya mvua. Nimempa dadako Nthoki akuletee mkononi. Pole kwa kazi ya mama. Kaa chini kwanza.

Baji zako nimezipoteza. Zile zote zilikuwa kwa kompyuta. Si mwizi, si stima. Ni mimi.

Kulikuwa na warsha ya kompyuta pale ukumbi wa kanisa, bure, nikajiandikisha. Walisema kila mtu atayarishe mashine yake. Nikachukua yako nikasema ni yangu. Nikaifuta. Halafu kwa kutafuta vitu vyako nikaweka vitu vyangu juu yake, nyimbo na michezo, wiki nzima, na kumbe kila nilichoweka kilikuwa kinatupa baji zako nje. Ningesema ukweli siku ya kwanza, zingerudi karibu zote. Hivyo ndivyo nimeambiwa.

Jana kijana mmoja Oketch ameshinda nayo tangu asubuhi mpaka watu wamekula. Amepata chache. Ile ya shule moja ya Umoja iko nzima. Ile ya akademi ya kando ya mto, ndege amerudi bila kichwa. Zingine ni vipande vya maneno, "Elimu ni", halafu hakuna kitu.

Sasa ngoja, bado. Nilimwambia mwalimu, msichana anaitwa Nangila, kuwa neno "futa" lilinichanganya, kuwa nilidhani ni kupanguza. Akaniamini. Jana akasimama mbele ya watu wote akasema, "Huyu mzee ametuonyesha kuwa neno letu ni baya, na tumelibadilisha kwa sababu yake." Watu wakanipigia makofi. Nikainuka nikapunga mkono. Mama Mumo, nilipunga mkono.

Kwako hilo siwezi kulisema. Kila jioni unasema "ngoja nifute hii flashi" na mimi nikiwa hapo hapo. Futa naijua. Na skrini iliniuliza mara ya pili, na maandishi mekundu, kwamba kila kitu kitapotea, una uhakika? Nilisoma. Nilijua ni vyako. Kidole kilikuwa juu ya "Ndiyo" na nilitaka tu kuona itafanya nini. Nimejiuliza usiku na mchana kama kulikuwa na sababu nyingine, sijaipata. Nilitaka kuona.

Na uliponipigia Jumapili ile ukauliza mashine yako iko aje, nikasema inakungoja.

Sijui niandike nini hapa mwisho. Salimia mama.

Baba Mumo

* * *

Mwala, 29 Novemba 2025

Baba Mumo,

Nilisoma nikampa Nthoki anisomee tena, nikidhani macho yangu yameruka mstari. Alipofika pale ulipopunga mkono akashindwa kuendelea. Mama akauliza kutoka kitandani, "Kwani nani amekufa?" Nikamwambia hakuna mtu, ni Mwangangi amejifunza kompyuta.

Usidhani nacheka. Nthoki ndiye alicheka.

Baji nitachora tena. Zilinichukua miaka, lakini macho bado ninayo na vidole ninavyo. Hiyo si ile imeniuma. Nilikuuliza mashine yangu iko aje, ukasema "inakungoja", na mimi nikalala vizuri. Nimekuwa nikilala vizuri huku wewe unajua. Hiyo siwezi kuchora tena.

Na kitu kingine. Wewe unataka kujua kompyuta tangu lini? Miaka yote nimekaa kwa hiyo meza, wewe uko kwa kiti na redio yako. Hujawahi kuuliza hata "hiyo ni nini". Nilidhani hutaki, nikajinyamazia. Mpaka uende kanisani kumuuliza msichana tusiyemjua. Kwani ulikuwa unaona haya nikufundishe mimi?

Sijasema nimekusamehe. Sijafika hapo. Krismasi ikiisha narudi, Nthoki atabaki na mama. Nikifika nikute kwa meza sweta moja kuukuu ya kila shule, yenye baji. Uende mwenyewe. Shule zimefungwa, najua, hiyo ni shida yako. Na wakiuliza, usiseme kompyuta iliharibika. Hakuna kompyuta iliharibika. Sema ni wewe.

Huyo Nangila pia mwambie ukweli. Amesimama mbele ya watu kwa sababu yako.

Wayua

* * *

Kayole, 3 Januari 2026

Madam Nangila,

Heri ya mwaka mpya. Asante kwa jibu lako. Nilipokuandikia kuwa neno "futa" halikunidanganya, kuwa nilisoma yale mekundu na bado nikabonyeza, nilijua utanitoa kwa kikundi chetu cha warsha. Ukasema neno limeshabadilishwa na halirudi, kwa sababu kama mimi halikunichanganya litamchanganya mwingine, na kwamba uliudhika siku mbili ukaacha. Sawa. Lakini yale makofi nayarudisha. Siku ya mkutano nitasimama niseme mwenyewe.

Sasa nikuambie habari ya sweta, kwa sababu uliuliza.

Walimu wakuu wengine niliwapata kwao, mmoja akiwa kwa kinyozi. Shule moja sikumpata mtu yeyote isipokuwa askari wa geti, anaitwa Burale. Akaniambia, "Mzee, shule imefungwa. Unataka nani?"

"Nataka sweta."

"Ya mtoto wako?"

"Ya mtoto yeyote. Bora iwe na baji."

"Umepotelewa na mtoto unamtafuta na sweta?"

Nikamweleza. Mke wangu hudarizi baji, zote zilikuwa kwa kompyuta, nikazifuta, si kwa bahati mbaya. Akaniangalia kutoka kofia mpaka viatu.

"Na bado unaishi kwake?"

"Bado hajarudi."

"Basi ingia haraka!"

Alinifungulia stoo ya vitu vilivyookotwa, tukatafuta pamoja. Kila mahali nilisema ukweli, nikidhani mara ya pili itakuwa rahisi kuliko ya kwanza. Haikuwa. Labda kwa sababu nyuso si zile zile.

Mama Mumo alirudi tarehe ishirini na saba. Akaziona sweta mezani, akazigeuza moja moja, akaangalia baji kwa nyuma vile uzi unapita. Akapika, tukala, tukaongea juu ya nyonga ya mama na mahindi ya Mwala. Kesho yake vile vile. Akienda kulala ananiambia "haya". Hiyo tu, haya.

Mimi nimekuwa nikikaa kwa kompyuta kila jioni na ile programu uliyotufundisha, naweka picha ya baji chini, nachora juu yake. Mwenge nimeuweza. Kitabu kimeniweza mimi. Na kuna kitu sikielewi: ukishachora umbo, ni nani anaamua uzi ulale upande gani? Ni programu ama ni mtu? Nilitaka kukuandikia nikuulize hilo jana, ndiyo ikatokea hii nataka kukuambia.

Nilikuwa na yule ndege wa akademi. Kichwa nimekichora mara nyingi mpaka nimesahau ndege wana sura gani. Mama Mumo akapita nyuma yangu na sufuria ya ugali. Akasimama.

"Hiyo ni nini?"

"Ni korongo."

"Hiyo ni kuku ameona gari."

Sikucheka. Niliogopa kuwa wa kwanza kucheka. Nikangoja aende, hakuenda. Nikasikia anapumua.

"Na uzi wa shingo hauendi hivyo," akasema. "Mashine itaukata."

"Unaenda aje?"

Madam, nimefikiria usiku wote na leo. Tumeoana tukiwa vijana, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza nimemuuliza kitu juu ya kazi yake nikitaka kweli kujua jibu. Hata yeye aliniangalia kama mtu ameitwa na jina ambalo halitumiki sana. Halafu akaweka sufuria chini, sakafuni, ikiwa bado ya moto.

Benchi letu ni fupi. Mimi niko katikati, mkono kwa mausi, tayari kutoka nimpishe, na miguu nimeshaiondoa chini ya meza.

Akasema, "Sogea."

Hakusema inuka. Alisema sogea.

Mwangangi